"Antibakteria" kwenye boksi, alama nyeupe kwenye jino: dawa za meno tunazouziwa na watu wa apareyi



Leo nataka kukosoa neno moja tu. Liko kwenye boksi za dawa ya meno, mara nyingi kwa herufi nene: "antibakteria". Pembeni yake wanachora ngao, ao jino linalong'aa, na saa ya kuonyesha kwamba ulinzi unadumu masaa 12. Neno hilo limetuzoea mpaka mtu akifika butiki haulizi tena ndani mna nini. Anasema tu: "Nipe ile ya kuua mikrobe." Muuzaji anamtolea ile ya bei ya juu, na kila mtu anarudi kwake akiwa na furaha.

Kwa mtu wa meno ya kawaida, mazoea hayo yanakula franka tu. Kwa mtu anayevaa apareyi ya meno, zile bagi ndogo za chuma zilizogandishwa kwa jino na kuunganishwa na waya, yanaweza kula jino lenyewe. Njo sababu leo ninaongea juu yao. Apareyi inalipiwa mamia ya dola, mara nyingi kwa vipande vipande, na nyuma ya kila kipande kuna mzazi ao mjomba aliyejinyima. Inakaa mdomoni mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi. Siku ya kuitoa, meno yamenyooka vizuri, lakini pale bagi zilipokuwa, pembeni mwake, panabaki alama nyeupe kama chokaa, zenye umbo la dirisha. Dada mmoja wa promosheni yetu anazo. Miaka miwili aliswaki kila siku na dawa ya "antibakteria", tena ile ya bei. Leo meno yake yamenyooka kama mstari, na bado anacheka akiweka mkono kwenye mdomo.

Mimi si daktari wa meno. Nimesomea agronomia, na kwetu kabla ya kunyunyizia dawa kwenye shamba unasoma etiketi: ndani mna nini, kipimo gani, kwa adui gani. Hiyo tabia njo ninaomba tuipeleke mpaka kwenye meza ya kuswakia. Hoja yangu ni hii: "antibakteria" ni jibu la swali la tatu. Mtu wa apareyi ana swali la kwanza, ni mkono wake kufika pale uchafu unapojificha. Swali la pili ni fluoridi ya kutosha. Boksi inapiga kelele juu ya la tatu, inanong'ona juu ya la pili, na la kwanza haiwezi kuliuza, juu haliingii ndani ya tyubu.

Apareyi inabadilisha nini mu mdomo

Jino lisilo na kitu ni ukuta laini. Ulimi unalipita, shavu linalipita, mate yanaliosha. Ukigandisha bagi juu yake umejenga kona: kona ya juu ya bagi, kona ya chini, nafasi nyuma ya waya, na pale kwenye raba ndogo za rangi. Sombe inakwama hapo. Nyuzi za embe zinakwama. Mkate uliotafunwa unajipaka kama udongo wa mfinyanzi. Mate na ulimi havifiki tena vizuri.

Ndani ya kona hizo bakteria wanajenga utando, ule unaousikia kwa ulimi asubuhi kama jino limevaa nguo. Ukinywa soda ao chai ya sukari, bakteria wa utando wanakula sukari hiyo na kutoa asidi. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, ganda gumu la jino linaanza kupoteza kalisi na fosfati. Ninyi mliosoma udongo mnajua sinema hii: udongo ukiwa na asidi, kalisi inaondoka, na sisi tunarudisha chokaa. Mdomoni chokaa yetu ni mate. Yanapunguza asidi na kurudishia jino madini yake polepole, lakini yanahitaji muda. Kila mara unapokunywa kitu cha sukari unafungua kipindi cha asidi cha karibu nusu saa. Mtu anayekunywa chupa moja ya soda kidogo kidogo toka saa nne mpaka saa sita, hajanywa soda moja kwa jino lake. Amekunywa asidi masaa mawili.

Alama nyeupe ni pale madini yametoka chini ya uso wa jino. Ni hatua ya kwanza ya jino kuoza, kabla ya tundu. Na haichelewi: watafiti walionyesha toka miaka ya 1980 kwamba kuzunguka bagi zisizosafishwa vizuri inaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja hivi. Apareyi inakaa miezi 18 ao 24. Fanya hesabu mwenyewe. Uchambuzi mmoja wa 2015 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta karibu nusu ya watu wanaotibiwa kwa apareyi wanapata alama mpya. Kwa hiyo yule dada wa promosheni hakuwa na bahati mbaya ya ajabu. Yuko katika nusu.

Hadithi ya triklosani

Sasa tuulize: hiyo "antibakteria" ni nini hasa? Neno hilo si jina la dawa. Ni ahadi. Chini ya ahadi moja wanaweza kuweka vitu mbalimbali: chumvi za zinki, fluoridi ya bati, setilipiridiniamu, mafuta ya mimea, na kwa muda mrefu, triklosani. Hadithi ya triklosani inafundisha, basi tuifuate kidogo.

Triklosani ilianza kutumika mu mahospitali, kwa sabuni za kunawa mikono ya madaktari wa upasuaji, toka miaka ya 1970. Baadaye ikaingia mu sabuni za nyumbani, mu deodoranti, mu dawa ya meno. Mwaka 1997 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilikubali Colgate Total yenye triklosani kama dawa ya kupunguza utando na uvimbe wa ufizi. Mwaka 2016 mamlaka ileile ilikataza triklosani na viungo vingine 18 mu sabuni za kunawa za watu wa kawaida. Sababu ilikuwa rahisi kuelewa: watengenezaji hawakuonyesha kwamba sabuni hizo ni salama kwa matumizi ya kila siku kwa miaka, wala kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Dawa ya meno haikuguswa na katazo hilo. Lakini mwaka 2019 Colgate mwenyewe alileta kwa soko la Marekani Total mpya isiyo na triklosani, yenye fluoridi ya bati.

Angalia vizuri kilichotokea. Kiungo kilichobeba ahadi kiliondoka. Ahadi ilibaki kwenye boksi. Mnunuzi aliyezoea neno hakuona tofauti, juu neno ni lilelile. Njo maana ninasema neno hili ni dhaifu kwa mtu msomi: halikuambii ndani mna nini leo.

Tuwe na haki pia. Triklosani mu dawa ya meno haikuwa uongo. Mwaka 2013 kundi la Cochrane, wale wanaokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja, waliangalia majaribio 30. Walilinganisha dawa ya fluoridi yenye triklosani na dawa ya fluoridi isiyo nayo. Utando ulipungua kwa 22%, uvimbe wa ufizi 22%, na ufizi kutoka damu 48%. Kwa ufizi, hiyo ni kazi. Lakini soma mpaka mwisho: meno kuoza yalipungua kwa 5% tu. Na alama nyeupe ya apareyi iko upande wa kuoza, haiko upande wa ufizi. Mtu wa apareyi anaponunua "antibakteria" ili kulinda uso wa jino, ananunua kitu ambacho nguvu yake kubwa iko jirani, si mlangoni kwake. Tena pande zote mbili za ulinganisho zilikuwa na fluoridi. Ile ya fluoridi tupu haikuwa maji. Ilikuwa tayari imefanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuua si kusafisha

Wengine wanasema: "Bakteria njo banaletaka asidi. Tukibaua, asidi inaisha. Shida iko wapi?" Swali zuri. Nitajibu na ndizi.

Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa ndizi ulionekana Masisi, halafu ukatembea mu Kivu na kumaliza mashamba ya watu. Adui anajulikana kwa jina: Xanthomonas. Ni bakteria, na watu wengi walitafuta kwanza dawa ya kunyunyizia. Hakuna iliyoponyesha shamba. Kilichosaidia ni mkono wa mkulima: kukata ua la dume kwa kijiti chenye panda mara tu mikono ya mwisho ya ndizi imetoka, ili wadudu wasilete ugonjwa pale, kupitisha panga kwa moto ao kwa maji ya Jik kabla ya kugusa shina lingine, kuondoa shina lenye ugonjwa mapema, kila mara linapoonekana, bila kuchoka. Wale waliofanya hivyo kwa ukaidi walirudia kula ndizi yao. Wale waliongoja dawa walipoteza shamba.

Utando wa meno unafanana na jambo hili kwa sehemu moja muhimu. Bakteria ndani yake hawaelei kama vumbi kwenye maji. Wameshikana na jino na wamejifunika na gundi waliyoitengeneza wenyewe. Dawa inayowaua haraka mu labo, kwenye chupa, inakutana na ukuta mu mdomo. Unaswaki dakika mbili, tena wengi wetu hatufiki hata moja, halafu unatema. Dawa imegusa wale wa juu. Wa chini, nyuma ya waya, hawajasikia hodi. Lakini nywele za mswaki zikipita hapo zinabomoa nyumba yote, walio hai na waliokufa pamoja. Ukiua bila kuondoa, umeacha gundi na chakula, na wapangaji wapya watahamia mchana huohuo.

Tena mdomo hauwezi kuwa bila bakteria, wala haufai kuwa hivyo. Kama udongo, una jamii za aina mamia, na nyingi hazina ubaya. Wale wanaojaza nafasi wanawazuia wabaya. Mtu anayekunywa antibiotiki ovyo wakati mwingine anaota utando mweupe wa kuvu kwenye ulimi: wenye nyumba wameondolewa, mgeni ameingia. Kwa hiyo lengo si mdomo mtupu. Lengo ni mdomo ambao asidi haikai muda mrefu sehemu moja.

Neno dogo nyuma ya boksi

Geuza boksi sasa. Nyuma, kwa herufi za kutafuta na tochi ya simu, kuna neno linalostahili kuwa mbele: fluoridi, na namba yake.

Fluoridi inafanya nini? Inasaidia madini ya mate kurudi ndani ya jino lililoanza kulainika, na sehemu iliyojengwa upya inakuwa ngumu zaidi mbele ya asidi. Ni kiungo chenye ushahidi mrefu kuliko vyote vilivyo mu tyubu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye fluoridi katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa kipimo cha kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Katika orodha hiyo utakuta pia dawa za malaria na za kifua kikuu. Kwenye mstari wa dawa ya meno hakuna aliyeweka neno "antibakteria".

Sisi wa agronomia ppm si kitu kigeni: ni miligramu kwa kilo. Dawa ya 1,450 ppm ina miligramu 1.45 za fluoridi kwa kila gramu ya dawa. Boksi nyingine haiandiki ppm, inaandika asilimia ya kiungo, na hapo watu wengi wanapotea. Basi chukua ufunguo huu: fluoridi ya sodiamu 0.32% ni karibu 1,450 ppm. Monofluorofosfati ya sodiamu 1.1% nayo ni karibu 1,450. Ile ya 0.76% ni karibu 1,000. Mtu mzima wa apareyi atafute upande wa 1,450. Ukikuta tyubu imeandikwa "ya asili", "ya mimea", "ya makaa", na nyuma hakuna fluoridi hata chembe, irudishe kwa rafu, hata kama mbele imeandikwa antibakteria mara tatu.

Hapa njo ninaweka lawama yangu kubwa. Boksi nyingi zinazofika kwa masoko yetu zimetoka mbali, na maandishi ya nyuma hayako kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili. Picha ya ngao kila mtu anaisoma. Namba ya fluoridi inasomwa na wachache. Mama anayelipia mtoto wake apareyi ana haki ya kuona namba hiyo mbele, kubwa, kwa lugha anayoielewa. Mpaka siku hiyo, mwenye shule ndani ya nyumba njo atakuwa msomaji wa nyumba. Lisanse yetu itumike hata hapo.

Vitu vingine tunavyovichukua kuwa usafi

Povu. Linatoka kwa kiungo cha kutengeneza povu, ndugu wa kile kilicho mu sabuni. Povu jingi linakufanya useme nimemaliza kabla mkono haujamaliza.

Baridi ya menta. Mdomo unasikia baridi juu menta inaidanganya mishipa inayosikia baridi. Utando ukiwa palepale, mdomo bado utakuwa baridi na harufu nzuri.

Makaa na majivu. Wazee walitumia, na hatuwacheki. Lakini chembe zake zinakwaruza, na kwenye apareyi zinajaa mu raba na kando ya bagi, zinaacha weusi. Dawa za makaa za kisasa za kwenye tyubu nazo mara nyingi hazina fluoridi.

Kijiti cha kuswakia. Kwa jino lisilo na apareyi kina heshima yake. Kwa mwenye waya hakiingii nyuma yake, na ukikilazimisha kinaweza kung'oa bagi. Bagi ikitoka ni safari mpya kwa daktari na pesa mpya.

Maji ya kusukutua yenye klorheksidini. Hii ni antibakteria kweli, tena ya nguvu, na farmasi zetu zinaiuza kama Fanta. Daktari anaiandika kwa sababu maalum na kwa muda mfupi, labda ufizi umevimba sana. Ukiendelea nayo wiki nyingi, meno yanapata rangi ya kahawia na ladha ya chakula inabadilika. Tena kiungo cha povu kilicho mu dawa nyingi za meno kinaipunguzia nguvu, kwa hiyo usiitumie palepale baada ya kuswaki. Ngoja nusu saa hivi. Mtu anayechanganya dawa ya "antibakteria" na klorheksidini kila asubuhi, moja juu ya nyingine, anaweza kuwa analipa mara mbili ili moja iharibu nyingine.

Kazi ya mkono

Hii sehemu haina reklame, juu hakuna wa kuilipia. Nitaiandika wazi.

Kwanza ondoa makubwa: sukutua na maji kwa nguvu ili mabaki ya chakula yatoke. Kikombe kimoja kinatosha. Hata siku bomba limekauka na mnaishi kwa bidoni, kikombe hakikosekani.

Weka dawa kidogo. Elekeza mswaki toka juu ukishuka kwenye bagi, usafishe kona ya juu. Halafu toka chini ukipanda, kona ya chini. Halafu mstari wa ufizi, polepole, kwa nywele laini. Jino kwa jino. Usisahau upande wa ndani na ya nyuma kabisa. Kwa mtu wa apareyi dakika mbili ni kipimo cha chini, na ukifuata kila bagi utakuta imefika nne.

Kisha nyuma ya waya. Kuna brosi ndogo nyembamba ya kupita kati ya bagi na bagi, ingiza toka juu, tena toka chini. Ukinunua kitu kimoja tu cha ziada, nunua hiyo mbele ya dawa ya bei. Ukiikosa, mswaki mdogo wa mtoto wenye kichwa kidogo unafika sehemu nyingi ambazo mswaki mkubwa haufiki.

Mwisho tema, usisukutue na maji mengi. Wengi tulifundishwa kusukutua mpaka ladha iishe. Ladha ikiisha, fluoridi nayo imeenda mu sinki. Acha kidogo ibaki, hasa usiku, juu usingizini mate yanapungua na jino linabaki bila mlinzi. Kuswaki kwa usiku njo kuswaki kusikosekana hata siku moja.

Mswaki wa mtu wa apareyi unachakaa mbio kwa sababu ya chuma. Nywele zikifunguka kama ua, badilisha, usingoje kalenda.

Upande wa chakula: mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi, muwa wa kumenya na meno, mifupa, karanga ngumu, hivyo vinang'oa bagi. Mahindi yapukuchue. Bugali, samaki, maharagi havina kesi. Soda, kama huwezi kuiacha, inywe pamoja na chakula na uimalize, usitembee nayo. Maandazi na chai ya sukari mara tano kwa siku ni hatari kuliko mara moja.

Na hatua moja ya kwetu wa shamba: pita mu shamba kila wiki. Jumapili, baada ya kuswaki, piga picha ya meno yako na simu kwa mwanga wa mchana, kausha kidogo kwa kitambaa safi. Linganisha na ya wiki iliyopita. Ukiona weupe usiong'aa kando ya bagi, ao ufizi umevimba na unatoa damu, usingoje miadi ya mwezi ujao. Mwambie daktari mapema. Anaweza kukuandikia fluoridi ya nguvu zaidi, kitu ambacho butiki haiuzi na ambacho haufai kujiandikia mwenyewe.

Basi dawa hizo zitupwe?

Hapana. Yenye fluoridi ya bati, kwa mfano, ina fluoridi na inapigana na bakteria wa ufizi kwa wakati mmoja. Mtu wa apareyi ambaye ufizi unamsumbua, anayeswaki vizuri tayari, na mwenye pesa, anaweza kuinunua bila aibu. Ajue tu kwamba kwa watu wengine inaacha rangi kidogo kwenye meno, na kwamba kile kinacholinda uso wa jino ni fluoridi iliyo ndani. Ninachokataa ni mpangilio: kuweka mbele neno ambalo halina kipimo, na nyuma kiungo chenye kipimo. Ninakataa pia ujumbe uliofichwa humo, kwamba ukilipa zaidi mkono wako unaweza kupumzika. Hakuna tyubu ya namna hiyo.

Tena kuna jambo la haki ndani yake. Wanafunzi wengi wa apareyi hawana pesa ya kuongeza. Wakiamini kwamba ulinzi uko mu tyubu ya bei kubwa, wasipoipata wanakata tamaa: "Basi meno yangu yataharibika, sina ya kununua." Si kweli. Tyubu ya kawaida yenye 1,450 ppm, mswaki laini, brosi moja ndogo, kikombe cha maji na dakika nne usiku, vinamshinda mtu mwenye dawa ya ngao anayeswaki sekunde 30. Yule dada wa promosheni hakukosa pesa wala bidii. Alikosa mtu wa kumwonyesha kona ya juu na kona ya chini ya bagi, siku ileile walipomgandishia.

Kwa hiyo wewe uliye na apareyi, ao una mdogo wako anayetaka kuiwekwa, siku ya kulipa kipande cha kwanza muulize daktari akuonyeshe kwa mkono, kwenye kioo, mswaki unapita wapi. Usitoke mpaka umerudia mbele yake. Halafu ukipita butiki, geuza boksi, washa tochi ya simu, tafuta namba. Muuzaji akisema "Hii njo iko ya nguvu, inaua yote", mwambie asante, na uendelee kusoma.